Antena Ndefu ya Mkurugenzi

Mkwe wangu tunamwita Mkurugenzi. Ni karani wa stoo, lakini hata akikuomba chumvi utadhani anakupandisha cheo. Siku ya kununua antena ya mtandao wa nyumbani nilimsindikiza mimi, maana binti yangu ni mjamzito, tumbo limeshafika puani, na ngazi, za dukani au za popote, zimemshinda. Dada wa dukani akatuwekea mbili juu ya kaunta.

"Hii fupi inatawanya mtandao pande zote, juu na chini, kama mpira. Hii ndefu inaubonyeza ule mpira uwe bapa. Unafika mbali, ila aliye chini yake anaambulia patupu. Nyumba yenu ikoje?"

"Ghorofa tatu." Mkurugenzi akapandisha suruali. "Nipe ndefu."

"Na nyinyi mnakaa ya ngapi?"

"Chini kabisa. Ndefu, dada."

Mkwe haumbuliwi mbele ya watu. Anaumbuliwa nyumbani, taratibu.

Binti yangu ni mshonaji. Mwalimu mkuu wa shule moja ya mbali alitaka kuiona sare ya mfano kwa video, kesho yake asubuhi, ikiwa mwilini mwa mtu. Akiipenda, binti yangu anashona za shule nzima. Asipoiona, kazi inakwenda kwa mwingine. Na mtandao wa simu mtaani kwetu huja na kuondoka kama paka wa jirani. Sare nikavalishwa mimi, kwa kuwa uzee umenirudisha saizi ya darasa la sita.

Mkurugenzi akaisimika antena yake juu ya paa, wima, akateremka anahema. Chini kwetu simu ikazungusha kiduara. Ikazungusha tena. Binti yangu akakaa kitandani, machozi yanamtiririka juu ya tumbo.

Mlango ukagongwa. Kinyozi wa ghorofa ya tatu, jengo la mkabala.

"Nimekuja kushukuru. Mtandao wenu kwangu unakimbia kama maji, na hamkuweka hata nywila. Wateja hawataki kuondoka."

Nilimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama dari.

"Mkwe, chukua simu," nikasema. "Tunavuka."

Hebu fikiria bibi kizee na sketi ya marinda, soksi nyeupe mpaka magotini, anakatiza barabara mbio. Dereva mmoja alisimamisha gari akanipisha kama mtoto wa shule. Nikampungia.

Kwa kinyozi tulikuta kichwa kimoja kimenyolewa nusu. Mwalimu mkuu akatokea kwenye simu, miwani mpaka kwenye ncha ya pua.

"Mwanafunzi wenu mkubwa kidogo."

"Nilichelewa kuandikishwa, mwalimu."

"Inama."

Nikainama. Kiuno kikalia, mshono haukulia.

"Ruka."

Nikaruka. Nusu-kichwa akapiga makofi, nikaruka tena bila kuambiwa.

"Sasa mtu auvute huo mshono wa pembeni. Avute kwa nguvu, watoto wangu wanavutana."

Mkurugenzi akageuka jiwe. Amshike mama mkwe sketi, tena mbele ya watu? Jasho likamtoka, simu ikamlalia kiganjani, mwalimu akawa anaona dari tu.

"Kinyozi, mwanangu," nikasema, "njoo uvute wewe, huyu ana heshima zake."

Kinyozi akakanyaga ukuta, akavuta kama anang'oa mhogo. Nikapelekwa mpaka kwenye kioo nikarudi. Mshono, salama.

Mwalimu akavua miwani akafuta macho kwa kucheka.

"Ni zangu. Shule nzima. Mshonaji mwenyewe yuko wapi, nimpe pole na hongera?"

"Chini ya antena yetu, mwalimu, huko mtandao haufiki."

Nikamnyang'anya mkwe simu, nikaitoa dirishani. Kule chini binti yangu alikuwa kasimama mlangoni, mikono kiunoni, anatutazama juu.

"Umepata," nikamwambia kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Shule nzima."

Akaanza kucheza pale pale mlangoni, na tumbo lake, na futi ya kupimia ikimpepea shingoni. Mwalimu akaniomba nisiisogeze simu.