Swali la Mama Mkwe

Mama Maswali alikosa swali. Watu wa mtaani kwake wangeambiwa hivyo wangebisha, maana huyu ndiye aliyewahi kumuuliza muuza mayai umri wa kuku wake. Lakini ndani ya kile chumba kidogo cha kliniki, mbele ya muuguzi mwenye masharubu aliyejifanya mkwewe, ulimi ulimganda.

"Haya, Mama, mimi ndiye mkweo, fundi baiskeli," muuguzi alisema, akijikunyata kitini na kuinamisha kichwa kwa adabu ya kuigiza. "Niulize."

"Hujambo, baba?"

"Sijambo."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na baiskeli?"

Daktari, aliyeketi pembeni akiwatazama, alicheka hadi miwani ikamshuka puani. "Mama, baiskeli nazo zinasalimiwa?"

"Niache nisogee polepole, mwanangu. Mzigo mzito haubebwi kwa mbio."

Mzigo wenyewe ulikuwa huu. Mwezi uliopita mkwewe alijaribu kujitoa uhai, na Mungu akamnusuru kwa mkono wa jirani. Sasa alikuwa ametoka wodini. Daktari, aliyekuwa akifanya utafiti wa namna ya kuwalinda watu wanaorudi nyumbani baada ya mtihani kama huo, alimtaka achague mtu mmoja wa kumuuliza waziwazi, mara kwa mara, kama mawazo ya kujiua yamerudi. Wote walidhani atamchagua mkewe, au kaka yake. Akamchagua mama mkwe, mtu anayezungumza naye akitazama ardhi kwa heshima.

"Lakini kwa nini mimi?"

"Ameniruhusu nikwambie," daktari alisema. "Anasema mkewe atalia, kaka yake atahubiri. Ila wewe, siku ya posa, ulimuuliza mbele ya wazee kama meno yake yote ni yake."

"Yalikuwa meupe mno!" Mama Maswali alijitetea, na muuguzi akaficha masharubu kwa kiganja.

Lakini meno ni meno. Hili lilikuwa jambo jingine. Tangu utotoni alifundishwa kwamba mauti hayatajwi ovyo, yasije yakadhani yameitwa. Tangu amzike mumewe, kila alfajiri aliwataja watu wa nyumba yake mmoja mmoja mbele za Mungu. Akifika kwa mkwe huyu, hata sala ilizunguka neno lile kama mtu anayekwepa dimbwi. Je, kama ni yeye atakayelirudisha kichwani mwa mtu aliyeanza kulisahau? Atamwambia nini binti yake? Atamwambia nini Mola?

Akayasema hayo yote. Safari hii daktari hakucheka.

"Hofu hiyo wanayo wengi, Mama, hata madaktari. Ndiyo maana watafiti wameichunguza, na si hapa tu. Kuuliza hakupandi mbegu. Wengi wakiulizwa hupumua. Wewe ukimuuliza mtu kama ana homa, umempa homa?"

"Hapana. Lakini akisema ndiyo?"

"Msikilize, usimwache peke yake, nipigie simu. Uganga niachie mimi. Wewe kaa naye tu."

Akajaribu tena, na tena. Hatimaye alipolitamka neno, muuguzi aliangua kilio kikubwa hadi akakemewa: "Wee! Mkwe wangu halii kama mbuzi!"

Kesho yake mchana alimkuta fundi kibandani, amezamisha mpira wa gurudumu uliojaa viraka katika beseni la maji, akitafuta pancha. Alipomwona alisimama, akafuta mikono, macho chini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

Hakuuliza watoto. Hakuuliza baiskeli. Alimwomba Mungu kimoyomoyo, akavuta pumzi.

"Baba, mawazo ya kujiua yamekujia tena?"

Mbingu hazikuanguka. Ng'ambo ya barabara fundi cherehani aliendelea kukanyaga mashine yake. Mkwewe aliinua macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake.

"Jana, Mama. Jioni. Leo hayajaja."

Moyo ulimruka, lakini miguu haikubanduka. "Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Nikakaa hapahapa mpaka yakapita."

"Hukuona wa kumwambia?"

"Nilijua wewe utakuja kuuliza."

Mama Maswali alitoa simu. Wakampigia daktari, simu ikiwa katikati yao, na daktari akazungumza na fundi kwa utulivu, kisha akamtaka afike kliniki alasiri ileile.

"Mkeo anajua ya jana?"

"Bado. Nitamwambia mwenyewe. Ila usiondoke, Mama."

"Niende wapi? Sijamjua bado mwenye baiskeli hii. Anaendesha juu ya misumari, au anailaza na fisi?"

Fundi alicheka, kicheko chenye kutu kidogo, kama mnyororo uliokaa bila mafuta. Akageuza sanduku la mbao, akalipangusa vumbi, akaliweka karibu na lile alilozoea kukalia. Mama mkwe akaketi. Walikuwa karibu kiasi cha kugusana viwiko, na hakuna aliyejisogeza.

Ng'ambo ya barabara binti yake alitokeza, kikapu cha chakula mkononi, akijibizana kwa utani na fundi cherehani. Mumewe ndiye aliyemwona kwanza. Akainuka, akatazama huku na huku, akaanza kutafuta sanduku jingine.