Makofi Matatu ya Sajini

Kofi la jukwaani halimgusi mtu. Mpigaji anapitisha kiganja karibu na uso wa mwenzake, anayepigwa anageuza kichwa, na mlio unatoka kwingine. Katika kwaya yetu ya mtaa mlio ulitoka kwangu. Nilisimama nyuma ya shuka zilizoanikwa jukwaani, mahali ambapo watazamaji hawanioni lakini kwaya yote inaniona. Nikiona mkono wa Sajini unapita juu ya shuka, napiga viganja vyangu mara moja, pa. Mwalimu wa kwaya alijaribu watu wanane kabla yangu, na mikono yao ililia kama unga unaokandwa.

Mchezo wenyewe kila mtu anaujua, ule wa nyimbo wa dobi na sajini. Hata watoto wanaimba nyimbo zake wakiruka kamba. Katika sehemu ya pili Sajini anampiga dobi makofi matatu mbele ya foleni ya wateja, na baada ya la tatu dobi anainuka na kuimba wimbo ambao ndio watu wanaununulia tiketi.

Dobi alikuwa binti yangu, kitinda mimba. Sajini alikuwa mume wake. Watu waliona ni jambo zuri sana, mke na mume jukwaa moja. Nami niliona hivyo hivyo, nisijifanye mwerevu.

Wiki ya tano ya mazoezi binti yangu alikuja kwenye zahanati ninakotoa dawa, akalalamika kwamba sikio la kushoto linavuma. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimuuliza kama maji yaliingia alipooga, akasema labda. Nikampa matone, mara mbili kwa siku, nikamwita anayefuata. Mtu mwingine yeyote ningemwinamisha kichwa nikawasha tochi. Huyu nilimpa chupa.

Ijumaa ya mazoezi ya mwisho, chupa ya dawa ya kikohozi ilinipasukia mkononi kazini. Nilifika ukumbini kiganja cha kulia kimefungwa bandeji, nikamwambia mwalimu leo sipigi. Akampa kazi Mama Pacha, tunayeimba naye sauti ya pili, mwanamke mwenye roho safi na macho ya kuazima. Tulisimama wote wawili nyuma ya shuka. Tulipofika mahali penyewe, Mama Pacha alikuwa bado anatafuta miwani kwenye pochi. Sajini akapunga mkono.

Pa.

Mwalimu aliinua kidole gumba kuelekea kwetu. Mama Pacha aliinua uso, miwani mkononi, akaniangalia. Mimi nikaangalia bandeji yangu. Hakuna aliyepiga.

Nilisogeza shuka. La pili nililiona lote: kiganja kilitua kuanzia shavu mpaka sikio, na kichwa cha binti yangu kikaenda na mkono. La tatu lilimtupa juu ya meza ya kupigia pasi. Akainuka na damu kwenye meno, akaimba. Watu wakasema leo ameimba kwa hisia. Mkono ukienda kasi jicho haliwezi kujua umegusa au haukugusa, na kila mtu alijua mlio unatoka kwangu, basi.

Chumba cha kubadilishia mavazi kilikuwa stoo ya viti. Nilimkalisha juu ya rundo la viti, nikawasha tochi ya simu. Usaha ulikuwa unatiririka kutoka ndani: ngoma ya sikio ilikuwa imechanika. Matone yale hayawekwi kwenye ngoma iliyochanika. Hilo ningelisema hata usingizini.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Anasema asiponigusa, uso wangu hauigizi."

"Na nyumbani?"

Alifunga vifungo vya sketi kwanza. "Nyumbani hapigi usoni, Mama. Usoni ni hapa tu. Hapa kuna makofi yako ya kumfichia."

Mkwe hupewa heshima yake, na mama mkwe hamgusi hata shati. Nilimshika shati. Nilimkuta mlangoni anakunywa soda na Fundi Gari, mwimbaji wetu wa besi, nikampiga kwa mkono ule wenye bandeji kwa nguvu zangu zote. Kidonda kikafunguka, shavu lake likabaki na damu yangu. Chupa ya soda ikapasuka sakafuni. Akanikamata kifundo cha mkono, akakisokota mpaka nikapiga goti juu ya vigae vya chupa. Fundi Gari alimng'oa kwangu, akambana ukutani, mkono kooni.

"Mkono wako una mlio mzuri, Mama," mkwe wangu alisema huku akihema. "Ndiyo maana ulichaguliwa."

Mwalimu alikuja mbio. Nilimwambia kesho binti yangu hapandi jukwaani. Akasema tiketi zimekwisha, tuyamalize kwa utulivu. Mkwe akaapa mbele yetu kwamba kesho hatamgusa hata unywele. Niliyemtegemea ni binti yangu, naye akanigeuka, akasema atapanda. Wimbo ule ameutaka tangu ana miaka kumi na miwili, na kwa ajili ya mume wake ameshaacha mengi, huo hauachi. Ila baada ya pazia atakuja kwangu na sanduku lake. Kama nina njia ya kumlinda hadi hapo, niitumie.

Njia niliyokuwa nayo ni mikono tu. Jumamosi, kabla ya pazia, niliwapitia waimbaji mstari kwa mstari nikawaambia neno moja: tukifika kwenye makofi, tazameni mikono yangu. Nitaiinua juu, imeachana. Akitimiza ahadi, kofi litakuwa bubu, watazamaji watacheka, mchezo utaharibika, na aibu itakuwa yangu. Niliitamani sana aibu hiyo.

Saa tisa alasiri ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Sehemu ya pili ikaanza, foleni ya wateja ikajipanga, Sajini akaingia na buti zake. Nikainua mikono. Watu arobaini wakaitazama.

Pa.

Niliona mlio ule ukipita kwenye nyuso zao. Mama Pacha, safari hii amevaa miwani, alifunika mdomo. Kinanda kikapoteza noti mbili, kikanyamaza. Mkwe wangu hakujua kwa nini kimenyamaza, au alijua na hakuweza kuuzuia mkono wake. La pili alilipiga kwa nyuma ya kiganja, na pete ikamchana binti yangu chini ya jicho. Fundi Gari alikuwa ameshatoka mstarini, anasukuma watu. Alikuwa mbali.

La tatu halikufika. Mezani kulikuwa na pasi ya mkaa, ya chuma kabisa, niliyoileta mwenyewe kutoka nyumbani kwa sababu ile ya maboksi ilionekana ya kitoto. Binti yangu aliinyanyua kwa mikono miwili, ikakutana na mkono wa mume wake ukiwa njiani. Mfupa ulilia, na ukumbi mzima ukasikia. Mume alipojikunja akampiga tena begani, akaanguka kifudifudi. Binti yangu akaiinua pasi mara ya tatu, juu ya kisogo cha mume wake.

Nilishusha mikono, nikatoka nyuma ya shuka.

"Mwanangu," nikasema, "wimbo wako."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka nyumba yake ni ipi. Kisha akaisimamisha pasi mezani taratibu, kama anayehofia kuunguza kitambaa, akaimba bila kinanda, damu ikimteremka hadi kwenye kola. Noti ya juu aliipata yote. Fundi Gari, amemkalia mkwe wangu mgongoni, aliitikia besi palepale. Watazamaji walisimama wakashangilia, mpaka waliokaa mbele walipomsikia mtu wa chini akilia. Makofi yakafa kuanzia mbele kwenda nyuma.

Walikuja askari wa kweli wawili. Mkwe wangu, mkono ukining'inia, alidai ameshambuliwa mbele ya mashahidi mia nne. Binti yangu akasema ndiyo, nimempiga, andika. Halafu akawageuzia sikio la kulia ili asikie swali linalofuata.

Kwaya ilipanga foleni kutoa maelezo, soprano mbele, besi nyuma, kwa mazoea. Zamu yangu ilipofika askari aliniuliza niliona nini. Nikamwambia huko tutafika. Kwanza aandike kwamba kwa wiki saba mlio ulikuwa wangu.