Uzito wa Marieta

Kitanda kililia mara mbili gizani. Mara ya kwanza ni pale Verediana alipoketi. Mara ya pili ni alipounyanyua ule uzito ubavuni kwake, akautupia mgongoni na kuufunga kwa kitenge. Mumewe, Margwe, alikuwa macho muda mrefu. Alisubiri mlio wa pili ndipo akapapasa soksi zake, maana alijua sasa mkewe yuko tayari.

Nje ilikuwa Julai ya kijiji cha Daudi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka juu ya zizi, na ng'ombe walikuwa wakitoa mvuke puani kama masufuria. Margwe aliwasha kirikuu, kile kigari cha mizigo alichonunua alipostaafu udereva wa halmashauri. Kikakohoa, kikazima, kikawaka. Nyuma walikuwa wamepakia gunia la viazi, mafungu ya vitunguu saumu na kuku wawili waliofungwa miguu.

"Mama Basili, twende," alisema Margwe.

Basili alikuwa mtoto wao wa pili. Wa kwanza ni Evaline, na zamani mtaa mzima ulimwita Verediana Mama Evaline. Halafu Evaline akapata ujauzito akiwa kidato cha tatu. Upo utaratibu wa zamani katika nchi ile kwamba binti aliyeshika mimba kabla ya kuolewa asijifungulie kwenye ardhi ya baba yake, mifugo isije ikafa. Familia nyingi zilikuwa zimeshauacha. Margwe hakuwa ameuacha. Wazee walikaa, wakasema, na yeye mwenyewe akamwendesha binti yake mpaka ng'ambo ya mpaka wa wilaya, akamshusha Masakta na begi la shule lenye nguo, akarudi kabla giza halijaingia. Kuanzia kesho yake mkewe akawa Mama Basili.

Miezi michache baadaye Verediana alikuwa anapepeta mahindi uani, akahisi kitu kimemtua mgongoni. Alikuwa nesi wa zahanati na alikuwa amepima watoto wachanga miaka mingi kwa ile mizani ya kuning'iniza. Aliusikiliza ule uzito kidogo. Kilo tatu kasoro, akasema moyoni, mtoto amezaliwa salama. Akaenda ndani kuchukua kitenge.

Tangu siku hiyo aliubeba. Uliongezeka kama mtoto anavyoongezeka. Ulipopungua ghafla alijua meno yanatoka huko, au mtoto anaharisha, na hakulala mpaka ulipoanza kurudi. Kanisani wanawake walisogea kidogo kwenye benchi ili usibanwe. "Hajambo mjukuu?" waliuliza. "Hajambo, ananenepa," alijibu. Margwe peke yake ndiye ambaye hakuuliza. Alisema ni mgongo tu, uzee, akamnunulia dawa ya kuchua. Verediana akaipaka magotini, ambako kweli palikuwa panauma.

Wiki iliyopita Evaline alikuwa amepiga simu, mara ya kwanza tangu ashushwe kwenye gari. Namba ya mama yake aliipata kwa mfanyabiashara mmoja wa vitunguu.

"Mama, mtoto hana uzito," alisema. "Tangu azaliwe. Alipokuwa mdogo nilimudu, ila sasa amekuwa mkubwa, upepo unampata vizuri. Juzi tumemtoa juu ya mgunga. Na shule hawataki kumwandikisha, mwalimu anasema darasa halina madirisha ya kufunga."

"Ninao mimi," alisema Verediana. "Nauleta."

Margwe alikuwa ameketi pale pale akimenya muwa. Hakuuliza ni nini kinachopelekwa. Kesho yake alibadilisha oili.

Walipita Mbulu mjini maduka yakiwa bado yamefungwa, wakapita Dongobesh, jua likatoboa ukungu. Verediana alikuwa ameushusha uzito kutoka mgongoni na kuupakata, kwa sababu kiti cha kirikuu hakina nafasi ya watu wawili kukaa mmoja nyuma ya mwingine. Ulikuwa na joto lake. Usiku huwa anauimbia, na mara nyingine huona kama umetulia zaidi. Kabla ya kuanza kuteremka kwenda Dareda alifikiria kumwambia Margwe ageuze gari. Angesema tumbo linamuuma. Angerudi nao nyumbani, na angelala nao tena. Alifungua mdomo.

"Nini?" aliuliza Margwe.

"Punguza mwendo kwenye kona."

Walishuka na gia ya pili. Chini kwenye lami ya kwenda Katesh, askari wa barabarani, binti mdogo tu, aliwapungia mkono wasimame.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mzee, gari lako limelala kushoto. Umepakia nini?"

"Viazi, vitunguu saumu na kuku."

"Viazi naviona, viko katikati."

Margwe alitazama usukani. "Ni mjukuu," alisema.

"Yuko wapi?"

"Amempakata mama hapo."

Askari alizunguka upande wa pili, akaingiza mkono dirishani na kuushika ule uzito juu ya mapaja ya Verediana, akaupima kama mtu anayechagua tikiti sokoni. "Ana umri gani?"

"Anakwenda miaka sita."

"Huyu ni mkubwa, mama. Si wa kubebwa huyu."

"Ndiyo tunampeleka kwao."

"Haya. Jaza upepo tairi la kushoto, mzee. Safari njema."

Waliendelea mpaka Mlima Hanang ukajaa kwenye kioo cha mbele. Hapo ndipo Verediana aliposema, "Umesema mjukuu."

"Askari ameuliza," alisema Margwe.

Evaline alikuwa akiishi kwenye nyumba ya bati ya vyumba viwili katikati ya mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa. Upepo ulikuwa ukivuma tangu asubuhi, ule wa Julai usiopumzika, na mabua yote yalikuwa yamelalia upande mmoja. Mlangoni alisimama msichana mdogo aliyefungwa kiunoni kwa kamba ya katani, na kamba ikafungwa kwenye nguzo. Pindo la gauni lake lilishonewa mawe. Miguuni alivaa bangili za shaba kuanzia kifundoni mpaka chini ya goti, nzitonzito, alizopewa na mama wa jirani, mfugaji wa Kibarbaig, ambaye ndiye aliyempokea Evaline siku ile ya kwanza na kumpa maziwa na mahali pa kulala.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi," alisema mtoto, akainamisha kichwa.

Verediana aliweka kiganja juu ya nywele zake. Chini ya kiganja kulikuwa na kichwa, na chini ya kichwa hakukuwa na kitu. "Marahaba, Marieta," alisema. Hakuna aliyewahi kumwambia jina hilo, ila alikuwa akiuita hivyo ule uzito usiku, na ndilo lilikuwa lenyewe.

Evaline alitoka jikoni anafuta mikono. Alikuwa amekua, amekuwa mwanamke mwenye mabega. Aliwaamkia wazazi wake vizuri, akawaweka kwenye viti, akamimina chai. Kisha akasimama kati yao na mlango.

"Mmekuja kumchukua?"

"Tumekuja kumletea," alisema mama yake.

"Miaka yote hiyo ulikuwa nao."

"Ningeuleta wapi, mwanangu? Sikujua uko kwa nani. Gari silijui."

"Baba anajua gari."

Margwe alikunywa chai. Ilikuwa ya moto sana lakini aliendelea kuinywa. "Mama Basili," alisema baadaye, "mwambie utaratibu." Evaline alilisikia lile jina. Aliinua chupa ya chai akamwongeza baba yake.

Verediana alieleza kama alivyokuwa akieleza wamama kliniki. Atamfunga mtoto mgongoni, kwenye kitenge kile kile, pamoja na uzito. Atatembea naye mpaka alale. Kila mzazi anajua kwamba mtoto akilala anakuwa mzito. Basi, ni hivyo tu.

"Na akishalala," alisema Evaline, "hapo ndipo anapofaa kubebwa mpaka Daudi."

"Eva."

"Mimi nimemlea hivihivi, mama. Nimemshonea mawe. Nimelala nimemshika mguu. Leo akiwa mzima ndipo atakuwa na kwao Daudi?" Alinyoosha kiganja kwa baba yake. "Ufunguo wa gari. Nipe mimi."

Margwe aliufungua kutoka kwenye mkanda wa suruali, pamoja na kopo dogo la ugoro lililoning'inia hapo, akampa vyote viwili. Evaline alirudisha ugoro. Ufunguo akautia kwenye fundo la khanga.

Walimfungua mtoto kamba. Verediana aliinama sana, mikono magotini, na Evaline akamweka binti yake mgongoni kwa mama yake, pale pale penye uzito, akazungusha kitenge, akakaza. Marieta alikuwa mrefu. Miguu yake yenye shaba ilining'inia karibu na magoti ya bibi. "Bibi, hapa pana joto," alisema.

"Ni kwako hapo. Lala."

Alitembea naye kandokando ya shamba, kwenda na kurudi, akiimba ule wimbo wa kila usiku. Upepo ulimkung'uta, ukakuta mtu mzito, ukapita pembeni. Evaline alikaa kizingitini ameshika fundo la khanga. Margwe alizunguka kirikuu akipiga matairi teke, moja baada ya jingine, na alipomaliza akaanza upya.

Mtoto alilala. Verediana aliujua ule wakati kwa shingo yake, kichwa kilipomlalia. Halafu akahisi jambo ambalo hakuwa amelifikiria: uzito ulimwachia. Haukupungua mgongoni, la, ulikuwa pale pale, kilo kwa kilo, ila sasa ulikuwa wa mtu mwingine. Alisimama. Alitaka kukaa chini, na hakuweza, kwa sababu mtoto wa kiasi kile hashushwi na mtu mmoja.

"Nipokeeni," alisema.

Margwe ndiye aliyekuwa karibu. Alisita, akatazama nyumba, akatazama mkewe aliyeinama. Akaja nyuma yake, akapitisha mikono chini ya makwapa ya mtoto, na Verediana akalegeza kitenge. Magoti ya Margwe yalikunjika. Alipiga hatua moja nyuma, akajizuia, akabaki amemkumbatia yule mtoto aliyelala, uso umemwiva kwa uzito.

"Ana uzito," alisema.

"Ndivyo ulivyo."

"Kila siku ulikuwa hivi?"

"Kila siku."

Margwe alimbeba mpaka kitandani yeye mwenyewe, na kitanda cha Evaline, ambacho hakijawahi kulia upande wa mtoto, kililia.

Marieta aliamka jua likiwa limeegemea magharibi. Mama wa jirani alikuja akamvua bangili, akiziviringisha moja moja kwa nguvu za vidole, akasema shaba hizo zimsubiri mtoto mwingine, ingawa anaomba asiwepo. Evaline alikata nyuzi za pindo kwa wembe, mawe yakadondoka. Mtoto alishuka kitandani, akasimama sakafuni, akayumba. Alitoka nje. Udongo uliingia chini kidogo pale alipokanyaga, na alipoinua mguu alama ikabaki. Aliitazama. Akakanyaga pembeni yake ya pili, na ya tatu, mpaka uwanja wote ukawa wa kwake.

"Jumatatu nampeleka shule," alisema Evaline.

Bibi na babu walilala pale. Verediana aligeukageuka, mgongo wake mwepesi ukimsumbua, mpaka akachukua mto akaukumbatia. Asubuhi Evaline aliwafungia mafuta ya alizeti kwenye dumu na kurudisha ufunguo.

"Baba, Krismasi nije naye?"

"Mtoto aje," alisema Margwe.

"Na mimi?"

Margwe alisafisha kioo cha gari kwa mkono wa koti, mahali ambapo palikuwa safi. "Wazee hawajakaa."

"Na Renatus? Yeye waliwahi kumkalia kikao?"

Renatus alikuwa kijana wa jirani kule Daudi, baba wa mtoto. Hakuna aliyemvusha mpaka wowote.

"Renatus anapiga kinanda kanisani," alisema Margwe.

Evaline alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeuliza bei akijua hanunui. "Basi mtakuja ninyi."

"Tutakuja," alisema Verediana. "Mwezi wa nane, akifunga shule, tuko hapa. Baba yako ameijua njia."

"Aliijua tangu zamani," alisema Evaline, na safari hii hata Margwe aliinamisha kichwa. Alifungua mlango wa abiria, akaufunga tena, akasema gari liachwe lipashe moto injini, wao waende kwanza kwa miguu mpaka barabarani wamsindikize mtoto apate kutembea.

Wakaenda polepole, bibi upande huu, mama upande ule, na babu nyuma akiangalia nyayo. Walipofika kwenye kisiki cha mpakani mwa shamba, Marieta aliachia mikono yote miwili, akaketi, akashika vifundo vyake kwa vidole na kuvibonyeza kwa makini.

"Miguu inaniuma," alisema.