Mpingo wa Zizini kwa Ng'washi

Saa moja asubuhi, siku ya pili baada ya mvua ya kwanza ya Novemba, mti ulisikika kabla haujaonekana. Elina, afisa misitu kutoka Bariadi mjini, alizima pikipiki akadhani injini bado inanguruma. Walikuwa nyuki.

Alikuwa amekuja Nkololo na nyundo ya kugonga alama kwenye mti unaokatwa. Sheria hairuhusu kukata mpingo bila kibali, hata ukiwa umeota shambani kwako, na kibali alichopewa Ng'washi, mwenye shamba, kilisema: mti mkavu. Moto wa Agosti ulikuwa umebabua shina zima. Tangu hapo mti ulisimama mweusi, bila jani, umeinamia zizi walimolala ng'ombe wake, mali yote aliyoachiwa na marehemu mumewe. Hakutaka kuamka siku moja akute umewaangukia.

Sasa matawi yaliyoungua yalikuwa meupe kwa maua, hadi nchani.

"Mwangaluka, mayu," Elina alimwamkia kwa Kisukuma, kama mtu amwamkiavyo mama.

"Mwangaluka." Ng'washi hakugeuka. Alikuwa ameshika lango la zizi, akitazama juu. "Jana jioni haukuwa hivi."

Luhende, shemeji yake, alisimama kando ya pikipiki yake, msumeno wa mashine miguuni. "Afisa, gonga tumalize. Hata maiti huvalishwa nyeupe."

"Sanda haiiti nyuki," Ng'washi alisema.

Elina alikwangua gome kwa kisu. Chini ya mkaa palikuwa na utando wa kijani, mbichi, wenye maji. Akakwangua upande wa pili, kisha juu zaidi. Kijani. Alikuwa amesoma chuoni kwamba mpingo huweza kustahimili moto, na kwamba huchanua kabla ya kutoa majani. Hakuwahi kuona mmoja ukifanya yote mawili. Alibaki ameinua uso, kisu mkononi, hakuandika chochote.

"Mti ni mzima," alisema hatimaye. "Kibali hiki hakiuhusu. Siwezi kugonga."

"Na ng'ombe wangu?"

Elina alisukuma shina kwa bega. Halikutikisika. "Mizizi imeshika, mayu. Lakini upepo siwezi kukuahidi."

"Basi afisa aje kuwalinda yeye," Luhende alisema. "Shemeji, mimi nimeshanunua petroli ya msumeno."

"Tia kwenye pikipiki yako," Ng'washi alimjibu.

Maua yalikuwa yakimdondokea Ng'washi begani. Alifungua lango, akawatoa ng'ombe, akarudi akang'oa nguzo ya kwanza ya zizi, iliyokuwa chini ya mti, na kuibeba hadi upande wa pili wa nyumba, mti usikofikia hata ukianguka.