Jemadari wa Mezani

Kuna watu huwezi kuwaambia kitu. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni mmoja wao. Kila Jumapili mchana yeye na wenzake wanatandaza ramani juu ya meza ya chakula, wanapanga askari wa bati wadogo kama ncha ya kidole, wanarusha dadu na kuuana mpaka jua linazama. Ukiwauliza faida yake watakujibu, tena bila kucheka, kwamba mchezo huo unanoa akili: aliyezoea kuamua vitani habahatishi maishani.

Aliyezoea kuamua vitani! Mtu huyu akienda kununua viatu anarudi na vilevile vya zamani miguuni. Bomba la jikoni kwake lilivuja mpaka mdogo wangu akaita fundi mwenyewe, bwana mkubwa akiwa bado anapima hali. Jina la Jemadari tulimpa kwa kejeli. Akalipokea kwa shukrani.

Ningemwacha na mabati yake, lakini alikuwa pia katibu wa kamati yetu ya wafanyakazi, katika kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli na hospitali. Yeye stoo, mimi kwenye mashine za kufulia, mdogo wangu na wenzake chumba cha pasi, ambako ukiingia na miwani huoni tena kwa mvuke. Meneja alipoyakata nusu mapumziko yetu ya mchana, tulikubaliana kugoma. Jemadari akasema mipango aachiwe yeye. Nikapinga, maana mabingwa wa namna hiyo nimeshawaona, na migomo waliyoizika naikumbuka mmoja mmoja. Wengi wakamwachia.

Akaamuru hivi: wapiga pasi watatoka kwanza, peke yao. Wafuaji tuendelee na kazi mpaka yeye avue kofia pale uani, ndipo nasi tutoke.

"Kwa nini tusitoke wote?" nilimuuliza.

"Siri ya vita, shemeji."

Siri hiyo aliivumbua mke wake Jumapili iliyofuata, alipokwenda kuondoa vikombe. Mezani palichorwa kiwanda chetu chote: stoo, mashine, boila, geti.

"Baba watoto, hawa waliolala kwenye chumba cha pasi ni kina nani?"

"Usiwaguse! Hao ni nyinyi."

"Mbona tumelala?"

"Mmeshatolewa. Nyinyi ni chambo, mama. Meneja anawavamia, anawafukuza, nguvu zake zote zinahamia getini. Hapo wafuaji wanampiga ubavuni. Nimeucheza tena na tena, kila mara tunashinda."

"Nani anashinda?"

"Sisi!"

"Sisi si ndio hawa tuliolala?"

Rafiki yake mmoja, muuza miwani, akatikisa dadu kiganjani. "Shemeji, punguza hasira. Uamuzi mgumu unataka moyo mgumu."

"Huo moyo wako mgumu unachezea kazi ya nani? Yako?"

Muuza miwani akarudisha dadu mezani.

"Na wale wanawake wanaokaa nje ya geti kila asubuhi wakiomba kazi," mdogo wangu akamgeukia mumewe, "umewaweka wapi?"

"Hao hawamo vitani."

Hawamo! Meneja hana jeshi la kuhamisha huku wala kule. Ana simu mezani na wanawake getini, na angewaingiza chumba cha pasi kabla Jemadari hajagusa kofia yake. Mdogo wangu alikuja kwangu jioni ile akanieleza yote.

Asubuhi ya mgomo Jemadari alisimama katikati ya ua, kifua mbele. Wapiga pasi wakatoka kama alivyopanga. Ila hawakwenda getini. Walikuja kwetu, kwenye mashuka mabichi, na mdogo wangu akapanda juu ya kreti.

"Jamani, katibu wenu anajua sisi tutafukuzwa leo. Ndiyo mpango wenyewe! Mliambiwa?"

Mzee wa boila akajifuta mikono. "Mimi sikuambiwa," akasema, akaenda kufunga mvuke. Bila mvuke hakuna pasi inayopata moto. Meneja angeita wanawake wa mji mzima, wangekuja kushika vyuma baridi.

Jemadari akaja mbio. "Mnafanya nini? Kofia sijavua! Mnaharibu mpango!"

"Maiti haharibu mpango, baba watoto," mke wake akamwambia. "Pisha."

Tulitoka wote, tukicheka hata wenye hasira. Kesho yake mapumziko yalirudi kamili, na hakufukuzwa mtu.

Mnadhani aliona haya? Kwenye mkutano wa kuchagua katibu, wakati wa mapumziko ya mchana, aliomba nafasi ya kueleza jinsi mchezo ulivyotupa ushindi. Akiba ilitumika mapema, alisema, kwa sababu kamanda alijua kubadilika na hali. Alieleza karibu mapumziko yote. Watu wakala, wengine wakasinzia.

Zikaitwa kura zake. Ukapanda mkono mmoja, wa kwake. Zikaitwa za mzee wa boila. Mdogo wangu akanyoosha mkono akiwa bado anatafuna.

"Hata wewe, mama watoto?"

"Shusha mkono, baba," akamwambia, taratibu kabisa. "Umeshahesabiwa."