Antena Anasahihisha Fomu

Jumanne, saa nane na nusu mchana, sajini wa kuzuia ugomvi na kujiua alikunja karatasi mara nne akaiingiza chini ya mguu wa meza, kwa sababu meza ilikuwa inacheza na mtu hawezi kujaza fomu juu ya meza inayocheza. Cheo cha kazi yake kilikuwa kimepakwa mlangoni kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama onyo la umeme, zinazosomeka mpaka ng'ambo ya uwanja wa gwaride. Kila aliyeingia alionekana na kambi nzima, kwa hiyo hakuna aliyeingia bila kuitwa. Askari walimpa jina la Mama Maswali. Hawakuwa na ubaya naye. Walisema tu kwamba mlango ule unaingia ukiwa umevaa suruali na unatoka ukiwa umeishika.

Halikuwa neno la masihara. Fomu ilikuwa na maswali tisa, na la saba liliuliza kama askari amewaza kujidhuru au kumdhuru mwenzake. Akijibu ndiyo, kanuni ilitaka avuliwe silaha, mkanda na kamba za viatu papo hapo, kisha aende zahanati kwa miguu kwa kukatiza uwanjani, maana njia nyingine haikuwepo. Sajini alikuwa ameandika barua nne kuomba kanuni ibadilishwe, au walau ukuta wa nyuma utobolewe mlango. Barua zote zilipokelewa. Katika miaka mitatu askari mia tatu na kumi na wawili walijaza fomu, na wote walijibu hapana.

Antena naye alijibu hapana. Alikuwa fundi wa redio, mrefu wa kuinama kila mlangoni. Alijibu hapana Ijumaa, akashukuru, na Jumapili akajiua. Kambi iliandika ajali kazini, ingawa Jumapili ile alikuwa na mapumziko. Miezi minane ilikuwa imepita.

Jumanne hiyo Antena aligonga, akainama, akaingia, akakaa.

"Habari za mchana, mama."

"Nzuri. Za siku?"

"Ndizo hizi. Nimekuja kusahihisha fomu."

Sajini alitoa faili lake kabatini. Kusahihisha kuliruhusiwa, mradi mwenye fomu akate neno kwa mstari mmoja na kutia sahihi pembeni. Antena alikata hapana ya swali la saba, akaandika ndiyo, akatia sahihi. Wino ulikauka kama wino wowote. Kilichomsumbua sajini ni kwamba mwandiko ulikuwa mzuri sana, wa mtu asiye na haraka, na Ijumaa ile yeye alikuwa na foleni ya watu ishirini. Siku ile aliipokea fomu bila kumtazama usoni.

"Mbona hukusema?" aliuliza.

"Ungenivua mkanda."

"Ningekuvua."

"Ndiyo maana."

Kisha Antena akaomba ruhusa ya kwenda kuwasalimia wenzake bwenini.

Bwenini walimkaribisha vizuri. Mpishi alimlalamikia kwamba hagusi chakula. "Afadhali wewe unakaa bila kula," alimwambia. "Hawa wanakula na bado hawakai." Watu walikuwa wakijongea kitandani kwake mmoja mmoja, wakisingizia redio mbovu, na wakimwambia mambo. Kwake hakukuwa na hatari. Huyu atamvua nani nini? Na kila Jumanne Antena alikuja kwa sajini na kumweleza, bila majina, nani hali chakula, nani anatafuta wa kumpiga, nani ameacha kuandikia nyumbani. Sajini aliwazungukia wote akijifanya anapita tu. Alitenganisha vitanda vya mahasimu wawili, akabadilisha zamu tatu za lindo. Zilikuwa wiki bora kuliko zote katika kazi yake.

Jumanne ya sita Antena alitaja mtu.

"Dereva wa lori la maji," alisema. "Huyo usimzungukie, mama. Mwendee moja kwa moja. Amegawa redio yake, mto wake, na brashi ya viatu."

Sajini alisimama. Mwenyewe ndiye aliyewafundisha makoplo kwamba anayeanza kugawa vitu vyake atazamwe mara mbili. Alimjua dereva huyo. Mama yake alikuwa mgonjwa, ameomba likizo mara tatu, na mara zote tatu amejibiwa kuwa hakuna mwingine anayeiweza klachi ya lori lile.

Alimwita siku hiyohiyo. Dereva alikuja na tabasamu, akajibu hapana mara tisa, akasema mto ulikuwa unamuumiza shingo.

Sajini akaenda kwa mkuu wa kambi, aliyekuwa akipiga pasi shati lake mwenyewe ofisini, kwa kuwa hakumwamini mtu na kola.

"Nani kakwambia?" mkuu aliuliza.

"Antena, mkuu."

"Antena yumo kwenye orodha ya kambi?"

"Aliondolewa, mkuu."

"Basi huyo si shahidi. Mwenyewe kasema nini?"

"Kasema hapana."

"Sasa sajini, aliye hai kasema hapana, marehemu kasema ndiyo, unataka nimsadiki nani?"

"Marehemu, mkuu."

Mkuu aligeuza kola. "Kambi itakunywa nini lori likisimama?" alisema, na hilo likawa jibu.

Kuanzia hapo sajini hakukaa tena. Alikula amesimama, alisaini amesimama. Alikwenda bohari ya silaha kuhakikisha dereva hajapangiwa lindo, akarudi, akaenda tena kuhakikisha alichohakikisha. Aliwaomba makoplo wasimwache dereva peke yake, na wakakubali, lakini kila mmoja alidhani ni zamu ya mwenzake. Kesho yake jioni nyumbani, jua halijazama, mumewe aliyekuwa fundi wa majokofu alimtazama akizunguka sebule mara ya kumi na moja.

"Mke wangu, kaa. Unanitia upepo."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Hata kiti hakijui."

Akakaa. Akasimama. Akavaa viatu akarudi kambini kwa miguu, na getini alikuta mlinzi ameandika kwenye daftari: lori la maji, dereva mmoja, marehemu mmoja.

"Wametoka pamoja?"

"Tangu asubuhi, afande. Safari ya tatu hii. Nilimuuliza marehemu kitambulisho, akasema alikirudisha."

Antena alipanda lori siku tatu mfululizo. Alikaa kiti cha abiria, magoti yakigusa dashibodi, akimpa dereva mazungumzo asiyoyaomba. Siku mbili za kwanza dereva hakujibu kitu. Siku ya tatu, tangi likijazwa kisimani, alizima injini.

"Huko kukoje?" aliuliza.

"Hakuna huko. Nilidhani kutatulia. Sijakaa hata dakika. Kutwa nazunguka na lile neno nililoliandika, natafuta pa kulifuta."

"Ulifuta."

"Nililikata tu. Wewe kalamu yako bado ina kazi."

"Watanivua mkanda."

"Watakuvua."

"Mbele ya watu wote wale."

"Mbele yao wote. Utatamani ardhi ipasuke. Haipasuki, nimekaa nayo."

Dereva alicheka kidogo, kwa pua, akawasha lori.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili, kambi ikiwa gwarideni, aliuvuka uwanja mzima bila kuitwa, akafungua mlango wenye herufi nyekundu. Sajini alikuwa akizunguka meza.

"Andika ndiyo," dereva alisema. Akaweka funguo za lori mezani.

Sajini alisogeza kiti, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akakaa akatulia. Alimwangalia usoni, akamuuliza maswali yote, moja baada ya jingine, polepole, na dereva akajibu yote. Ilichukua saa nzima. Wakampigia simu mama yake mdogo, akalia, akasema anakuja. Fomu ilipojaa sajini aliinua kalamu akaishikilia.

"Nikisaini, kanuni inaanza. Sina mlango mwingine, mwanangu. Niliuomba."

"Saini, mama."

Akasaini. Akamvua mkanda kwa mikono yake mwenyewe, akapiga magoti akachomoa kamba za viatu, kushoto na kulia, akazikunja vizuri. Akampa blanketi la zahanati. Kisha akampigia mkuu kuhusu likizo, na mkuu akasema kwamba sasa huyo ni mgonjwa, na mgonjwa hapewi likizo.

Gwaride lilikuwa bado limesimama. Dereva alitoka, blanketi mkono wa kushoto, suruali mkono wa kulia, viatu vikipigapiga visigino. Sajini alimfuata nyuma hatua mbili. Watu mia tatu walitazama mbele kama walivyofundishwa, na waliona kila kitu. Katikati ya uwanja, mkuu wa kambi alikuwa akikagua safu, na mbele ya mkuu askari hupiga saluti. Dereva alisimama. Aliutazama mkono wake wa kulia.

Antena alitoka upande wa karakana ya redio, hatua ndefu ndefu, akasimama kando yake, akainama, akaishika suruali kiunoni.

"Wewe marehemu!" koplo wa gwaride alipaza sauti. "Mikono huwekwa wapi uwanjani?"

Antena hakuachia. Dereva akanyanyua mkono akapiga saluti safi, kidevu juu, na mkuu wa kambi akaijibu, akaendelea kukagua. Zikaenda zote tatu, hatua za dereva, za marehemu na za sajini nyuma yao, mpaka mlango wa zahanati.

Safuni hakuna aliyegeuka. Mmoja alipeleka mkono tumboni akaukaza mkanda wake tundu moja, kama anayehakikisha bado anao, na wa pembeni yake akakaza, na wa pembeni ya huyo, safu hadi safu, mpaka mwisho.