Matundu ya Stesheni

Haya, sogeeni niwatege. Mgeni wangu aliniomba kijia cha kupita, nikamlimia. Aliporudi alikuja na nduguze mia. Nani huyo? Fikirini taratibu, sina haraka. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nimeupokea, na jibu lake ni reli.

Reli ilipokaribia, mke wa mwashi alitembea kifua mbele. Wanaume wengine walikamatwa mashambani wakabebeshwa mataruma ya kulaza reli mpaka mabega yakachubuka, lakini mumewe alipewa mwiko, timazi na mahali penye kivuli, ajenge stesheni. Mkono wake ulikuwa na baraka. Ukuta aliounyoosha yeye, hata mchwa alikuwa akiteleza.

Siku moja mke alimpelekea chakula akiongozana na kaka yake, mchunga mbuzi ambaye watu walimwita Domo kwa kuwa hakujua kumeza neno. Domo akauzunguka ukuta, akaingia ndani, akatoka, akasimama mbele ya safu ya matundu.

"Shemeji, haya nayo ni nini?"

"Ya hewa."

"Hewa gani hiyo? Huku nje mkono haupiti, kule ndani mtu analaza mto."

"Ndivyo mchoro unavyosema. Wewe chunga mbuzi, ukuta niachie mimi."

"Mbuzi wangu wana nafuu. Ukiwapeleka wasikokujua, angalau wanalia. Wewe hata kulia hulii."

Dada mtu alicheka mpaka akashika mbavu. Mwashi aliinama kwenye karai lake, akakoroga chokaa iliyokwisha korogeka.

Basi gari moshi likaja. Watu walidhani litaleta nguo na chumvi, likaleta askari. Na gari moshi, wajukuu zangu, lina kiu kuliko ng'ombe mia. Kisima kilichowanywesha watu tangu enzi za mababu kikazungushiwa waya, maji yakawa ya bomba la stesheni. Wanawake wakawa wanaamka na ndoo, wanarudi nazo kavu.

Mwezi wa pili wa kiangazi, watu walikwenda stesheni kuomba maji. Hawakubeba hata fimbo, walibeba ndoo. Domo alitangulia, kama kawaida yake, akipiga ndoo kwa kofi na kusema, "Leo tunalisalimia hilo jitu la chuma, tuliulize lina wake wangapi hata linywe hivi." Watu wakacheka. Uwanja wa stesheni ulikuwa mtupu, mlango umefungwa, hakuna askari aliyeonekana. Ndipo ukuta wenyewe ukaanza kufyatua risasi.

Walizikwa watu kumi na mmoja. Domo alikuwa wa kwanza kuanguka.

Baada ya matanga, mke wa mwashi alimkuta mumewe uani, anausugua mwiko kwa mchanga.

"Nakuuliza neno moja tu. Ulijua?"

Mwashi akaendelea kusugua.

Alimuuliza tena mvua zilipoanza. Alimuuliza akiwa na mimba, na akiwa na mtoto mgongoni. Kila akiuliza, mume alikumbuka kitasa kibovu au bati linalovuja, akainuka kwenda kulitazama. Mke hakumfukuza, wala yeye mwenyewe hakuondoka. Alimpikia, akamfulia, akamkanda alipougua. Lakini hakucheka tena mbele yake, na yule mwanamume, aliyekuwa akitembea mitaa mitatu ili tu arudi na kichekesho cha kumpa mkewe, akaacha kuvileta. Kimya kikakaa nyumbani mwao kama mgeni asiyejua kuaga.

Miaka ikapita, bendera ikashushwa, ikapandishwa nyingine. Mkuu mpya wa stesheni, kijana mwenye adabu, akaja nyumbani. "Shikamoo babu, shikamoo bibi. Tunataka kupaka rangi. Yale matundu yazibwe, na nimeambiwa hakuna ayajuaye kama wewe."

Mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo mkewe akaenda naye, akamkorogea saruji na kumpa matofali moja moja. Walianza asubuhi, wakiwa upande wa ndani. Aliziba la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne akasimama. Saruji ikamdondoka kwenye mwiko, ikamwangukia mguuni, wala hakuifuta. Tundu lilikuwa sawa na bega lake.

Mke akaweka tofali chini. "Baba watoto," akasema, "ulijua?"

Safari hii hapakuwa na kitasa wala bati.

"Nilijua," mwashi akasema. "Hili ndilo nililolijenga kwanza. Nilipolimaliza, msimamizi wa ujenzi alinisimamisha hapa, akaniambia nifumbe jicho moja nimwambie naona nini. Kaka yako alikuwa anapita na mbuzi wake. Nikasema namwona mtu, kuanzia kifuani mpaka kichwani. Akasema vizuri, mengine yote yawe hivyo hivyo. Nikayafanya hivyo hivyo."